Sufuria za Majirani Nilizozing'arisha Mno

Alumini haipendi magadi. Hilo nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu. Nilikuwa nimenunua sufuria ya zamani kwa watu wa vyuma chakavu, nikachemsha maji ya magadi ndani yake nikidhani yataondoa mafuta. Nilipoyamwaga nikakuta sufuria imekuwa nyeusi kama ubao wa darasani. Nilikaa kwenye kigoda nikaitazama kwa muda mrefu, nikijiona mtu asiyefaa kupewa kitu chochote. Siku zilizofuata niligundua kwamba ukichemsha maji yenye ndimu ndani ya sufuria ya namna hiyo, weusi unaachia kidogo kidogo na alumini inarudi kuwa nyeupe. Sikufundishwa na mtu. Nilitazama video kwenye simu, nikajaribu, nikakosea, nikajaribu tena.

Sasa yapo mambo kadhaa ninayoyajua. Shaba ya manjano unaisugua kwa ndimu na chumvi, kisha unaisuuza upesi, kwa maana ukiisahau inageuka rangi ya waridi na hutaipenda. Pasi ya makaa unaitoa kutu kwa siki na subira, halafu unaipaka mafuta ya kupikia na kuipasha moto ili kutu isirudi. Bakuli la enamel hulisugui kwa msasa hata likuudhi vipi. Watu wa mtaa wetu wa Kimumu, na wengine kutoka mjini, huniletea lampu za mafuta taa za babu zao, mabirika, mizani za dukani zenye mawe ya shaba. Mimi huketi nyuma ya nyumba na ndoo yangu, nikisugua.

Niseme ukweli. Napenda vitu vya zamani, lakini kinachonikalisha pale hasa ni wasiwasi. Mimi ni mtu anayerudi kutazama kama gesi imefungwa, akishatazama anarudi tena, kisha anaenda kazini akiwaza kama alipotazama mara ya pili hakuifungua bahati mbaya. Doa kwenye chuma ni tatizo lenye mwisho. Unalisugua, linaisha, unaona kwa macho kwamba limeisha. Mengi katika maisha yangu hayana tabia hiyo.

Mwaka jana mama yangu aliugua. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye sijawahi kumwona amelala mchana, na ghafla akawa amelazwa, akapasuliwa tumbo, na madaktari wakawa wanaongea nasi kwa sauti ya chini. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, kwa hiyo nikirudi kutoka hospitalini nilikuwa na nyumba nzima ya kunyamaza nayo. Nilisafisha kila kitu cha chuma tulichokuwa nacho. Nilisafisha vijiko, nikasafisha bawaba za milango, nikasafisha hata kufuli la geti. Jirani mmoja akaniuliza kama tunauza nyumba.

Mama akapona. Sijui niandikeje sentensi hiyo ili ibebe uzito wake, basi naiacha hivyo. Akapona, akarudi nyumbani akitembea polepole huku amejishika ubavu, na wanawake wa mtaa wakasema lazima tufanye maombi ya shukrani.

Kwetu sherehe ya namna hiyo haifanywi na mwenye nyumba peke yake. Hakuna mtu mwenye sufuria za kupikia watu wote hao. Ijumaa jioni wanawake walianza kuingia getini mmoja mmoja, kila mmoja na alichonacho: sufuria ya wali, sufuria ya nyama, birika kubwa la chai, mabeseni, miiko mirefu kama jembe. Wengine hawakuingia hata sebuleni. Waliviweka vitu chini kwenye nyasi, wakaniambia, "Kijana, hiyo ni ya Mama. Mwambie apone tu," wakaenda zao.

Jumamosi tukaomba, tukaimba, tukala. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, akasalimiwa mpaka mkono ukachoka. Watu walipoondoka, nyuma ya nyumba kulibaki kilima cha sufuria chafu. Wanawake walitaka kuziosha, nikawakatalia.

"Niachieni," niliwaambia. "Mje Jumatatu jioni mchukue zikiwa safi."

"Wee!" akasema mmoja wao. "Huyu akioa, bibi yake atakuwa analala tu."

"Nani ataolewa na yeye?" mwingine akajibu. "Atamkagua kucha kila asubuhi."

Wakacheka, wakaenda. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miezi. Hatimaye nilikuwa nimepata njia ya kusema asante. Siwezi kusimama mbele ya watu na kipaza sauti. Nikijaribu, sauti inakwama. Lakini naweza kurudisha sufuria ya mtu ikiwa safi kuliko siku aliyoinunua.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilianza asubuhi, nikaendelea Jumatatu baada ya kazi ya nusu siku. Nilitumia ndimu, majivu yaliyochekechwa, waya ya kusugulia, na msasa laini uliolowekwa maji kwa yale masizi ya chini ambayo yamekaa miaka. Wanawake wa huku wana hekima yao: kabla ya kuinjika sufuria kwenye kuni wanaipaka udongo na majivu nje, ili masizi yaje kutoka kwa urahisi. Lakini udongo hauzuii yote. Miaka ikipita, chini kunajengeka ngozi nyeusi ngumu, na mimi niliivua ngozi hiyo sufuria moja baada ya nyingine. Mbili kati yake zilikuwa za zamani sana, nzito, za alumini ile ambayo siku hizi huipati dukani. Za leo ukizikandamiza kwa kidole gumba zinabonyea. Hizo mbili zilinichukua muda mrefu kuliko zote, na zilipomalizika nilijiona usoni ndani yake.

Chini ya sufuria nyingi nilikuta matone ya rangi. Nyekundu, nyeupe, buluu. Moja ilikuwa na rangi ya kucha. Nilidhani ni rangi ya geti iliyodondoka wakati mtu anapaka. Niliitoa yote. Kwenye mshikio wa birika kubwa kulikuwa na kitambaa chakavu kilichofungwa fundo, kimejaa mafuta. Nikakikata kwa kisu nikakitupa motoni.

Jumatatu jioni nilizipanga zote kwenye nyasi, mdomo chini, kuanzia kubwa hadi ndogo. Jua lilikuwa linazipiga. Nikamwita Mama aje aone.

Mama alisimama mlangoni na shuka mabegani. Akatazama. Nilisubiri asifu. Akauliza, "Alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Rangi. Zile rangi za chini."

"Uchafu ule? Niliutoa."

Mama aliketi kwenye ngazi, akafunika uso kwa mkono, na kwa muda nilidhani kidonda kinamuuma. Kumbe anacheka, na kucheka ndiko kunakomuuma.

"Mtoto wangu," akasema, "hiyo ndiyo namna ya kujua ya nani ni ya nani. Kila mwanamke ana alama yake. Tunapeleka sufuria kwenye matanga, kwenye harusi, zinachanganyika na za watu hamsini. Usiku wa kurudi nyumbani unapindua, unaona nyeupe yako, unabeba."

Nilitaka kuingia ndani na kufunga mlango, lakini geti lilikuwa limeshafunguliwa na wanawake walikuwa wanaingia wakiongea.

Wa kwanza alisimama katikati ya hatua. "Haiya! Mmenunua sufuria mpya?"

"Ni zenu," nikasema.

"Zetu zipi?"

"Zote."

Halafu mmoja akapiga makofi mara moja, akashika kiuno. "Aki huyu kijana ametuvua nguo sote!"

Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa leso. Nilishukuru kwa kicheko hicho, ingawa masikio yalikuwa yanawaka moto. Kisha wakaanza kazi. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu aliyepikia kitu miaka mingi anakijua kwa njia nyingi. Mmoja alipitisha kidole kwenye ukingo akapata mahali palipokunjika, akasema, "Hii yangu, iliangukiwa na mlango." Mwingine alitafuta tundu lililozibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Mwenye birika alilitambua kwa mdomo wake uliopinda, akaniuliza kitambaa chake kiko wapi. Nikamwambia. Akasema, "Kilikuwa kipande cha gauni langu la harusi," na nilipokaribia kufa akanipiga bega. "Nakutania. Kilikuwa cha pazia."

Nyasi zikabaki wazi kidogo kidogo, mpaka zikabaki zile mbili nzito. Na mbele yake wamesimama wanawake wazee wawili.

Mmoja tunamwita Gogo, yaani nyanya kwa lugha ya kwao, kama wajukuu wake wanavyomwita. Anafuga ng'ombe kando ya mtaa, na maziwa yetu yote hutoka kwake. Mwingine tunamwita Shosho, neno lile lile kwa lugha ya kwao yeye. Ana duka dogo kwenye kona, la unga, mafuta ya kupima na mishumaa. Ni majirani wa miaka mingi, wanaheshimiana kwa uangalifu, kama watu waliobeba trei yenye glasi. Sufuria zao zilikuwa sawa kwa ukubwa, kwa uzito, kwa ukingo. Ya mmoja ilikuwa na alama nyeupe, ya mwingine buluu.

Mama aliniinamia sikioni. "Ya Shosho ilikuwa ya mama yake," akanong'ona. "Alitoka nayo Timboroa mwaka ule wa fujo, watu walipofukuzwa makwao. Alibeba sufuria na nguo za watoto ndani yake. Hana kingine cha huko."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mpaka wakati huo nilikuwa nimeaibika tu.

Shosho alizigeuza zote mbili polepole. Akapapasa ndani, akapapasa chini. "Mimi nilikuwa naijua kwa weusi wake," akasema, si kwa hasira. "Sasa imekuwa mgeni."

"Chukua wewe kwanza, mwenzangu," akasema Gogo.

"Chukua wewe."

"Siwezi. Nikibeba yako nitalalaje?"

"Sufuria ni sufuria," akasema Shosho. "Zote zinapika."

Lakini hakuondoa mkono kwenye ukingo, na hakuchukua hata moja. Kila mmoja aliogopa kuondoka na kitu cha mwenzake. Niliona jinsi ambavyo ingekuwa: mmoja wao angebeba moja kwa adabu, na Shosho angeishi miaka iliyobaki akipika huku akijiuliza kama ile ya mama yake iko nyumba ya pili. Asingeuliza kamwe. Kwetu hapa kuna maswali ambayo majirani hawaulizani, ili waendelee kuwa majirani.

Nililala kifudifudi kwenye nyasi na tochi ya simu. Nilitafuta chembe ya rangi nyeupe, mkwaruzo, chochote. Nikaleta mizani ya jikoni. Sikupata kitu. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri mno.

"Simama, utapata homa," Gogo akaniambia. Kisha akamgeukia Shosho. "Ugali wako hushika wapi?"

Shosho alimtazama kidogo, na uso ukaanza kubadilika. "Upande mmoja," akasema. "Siku zote upande mmoja. Kama mwezi mchanga."

"Yangu hushika kote, kama jirani mbaya. Basi sufuria inajulikana jikoni, haijulikani kwenye nyasi. Washeni moto."

Wanawake waliokuwa wameshaanza kuondoka wakarudi. Mmoja aliuliza unga uko wapi, na Mama akanyoosha kidole. Mawe matatu ya juzi yalikuwa bado mahali pake, kuni zikawashwa, sufuria ya kwanza ikapakwa udongo na majivu nje, kwenye mng'ao wangu wote, ikainjikwa. Nilijizuia. Kisha sikuweza tena.

"Samahani," nikasema. "Moto hauko sawa. Kuni nyingi ziko upande huu. Ugali utashika upande wa moto, si upande wa sufuria."

"Ona profesa wa ugali," mtu akasema, na wakaanza kucheka tena.

Gogo aliinua mwiko. "Hapana, amesema ukweli. Kwa hivyo?"

Nilieleza, nikigugumia. Tupike moja kwanza, kisha nyingine, kwenye mawe yale yale. Na ugali ukishaanza kukaza, tuigeuze sufuria, upande wa moto uende upande wa baridi. Kama bado utashika mahali pamoja, basi ni sufuria yenyewe. Nilikuwa nimezoea watu kuchoshwa na maelezo yangu ya namna hiyo. Mara nyingi naona macho yao yakienda kwingine. Siku hiyo mduara mzima wa wanawake ulisikiliza hadi mwisho, na Gogo akasema, "Sawa. Shika kitambaa, wewe ndiye wa kugeuza."

Sufuria ya kwanza ilitoa ugali mzuri, na ukoko ulioshika chini kote, mwembamba, sawasawa. Gogo alikunakuna kwa kijiko, akaonja. "Inafanana na yangu," akasema, lakini hakuidai.

Ya pili ikainjikwa. Shosho alisonga mwenyewe. Niliigeuza nilipoambiwa, vidole vikiungua kupitia kitambaa, na nilikuwa naomba, mimi ambaye sikwenda kanisani jana yake. Ugali ulipopinduliwa kwenye sinia, wote tuliinama juu ya sufuria pamoja, vichwa vikagongana.

Upande mmoja, kuanzia chini kupanda kidogo ubavuni, palikuwa na ukoko mnene wa kahawia. Umepinda. Kwingine kote palikuwa peupe.

"Hapa," akasema Shosho.

Hakulia. Alipitisha kidole nje ya sufuria, mahali pale pale, ingawa ilikuwa moto. "Mama yangu alikuwa anaosha na mchanga wa mtoni. Anaishika hivi." Akaegemeza sufuria kwenye goti la kushoto, mkono wa kulia ukazunguka, ukazunguka, daima kwenye ubavu ule ule. "Tulikuwa tunamwambia, mama, geuza. Hageuzi. Akaimaliza hapa, ikawa nyembamba. Ndio maana inaunguza."

Nilitazama mikono yangu, iliyochubuka kwa ndimu na msasa. Siku mbili nilikuwa nimesugua sufuria hiyo nikidhani kazi ya kusugua ni kuondoa. Kumbe mwanamke mmoja wa Timboroa alisugua maisha yake yote, na kile alichokiacha ndicho kilichobaki baada ya rangi na masizi kwisha. Nilisema, "Asante, Shosho," na yeye akanitazama kama anayejiuliza namshukuru kwa lipi.

Alibandua ukoko kwa kijiko, ukatoka kipande kirefu. Nyumbani kwao, akasema, upande ule ulikuwa wa mpishi. Akakivunja. Kimoja akampa Gogo, kimoja akampa Mama, kimoja akanipa mimi. Kilikuwa kigumu, kina ladha ya moshi. Mama alitafuna chake taratibu akiwa ameketi kwenye ngazi, akaomba na kingine.

Tulikula ugali wote wa majaribio, kwa maziwa ya Gogo na sukuma wiki iliyochumwa shambani kwetu upesi upesi. Walikuwepo wanawake wengi kuliko niliowaalika, maana sikuwa nimemwalika yeyote. Tangu Mama alazwe nilikuwa nikifikiri kwamba shukrani ni deni, na kwamba nisipolilipa bila kosa watu watajuta kutusaidia. Nilikuwa nimekosea kila sufuria yao, na walikuwa wamekaa uwanjani kwangu wakigombania ukoko.

Giza lilipokaribia Shosho alisimama, akachukua sufuria yake. Ndani ilikuwa na mabaki yaliyokauka. Nje, udongo na masizi mapya.

"Nipe nikuoshee, Shosho," nikasema. "Ni dakika moja tu."

"Aa-a. Wewe pumzika kwanza." Wanawake wakaangua kicheko. "Nataka ifike nyumbani ikinuka chakula."

Akaikumbatia kifuani, akaondoka na Gogo kuelekea getini, wakiongea juu ya bei ya unga. Kwenye sweta yake safi ya rangi ya maziwa niliona duara jeusi likianza kujichora. Nilishajua litatokaje: sabuni ya kipande, maji ya vuguvugu, usisugue, gonga tu kwa kitambaa. Nilikuwa nimenyanyuka nusu.

Mama alinishika mkono. "Keti ule," akasema. "Bado kuna maziwa."

Nikaketi.